Madaftari Yaliyokwenda kwa Mwuza Karanga

(Mhadhara uliotolewa mbele ya kikundi cha akina mama, Kirumba, Mwanza)

Mama zangu, dada zangu, mwangaluka! Wale mliocheleweshwa na daladala, viti vipo huku mbele, msione haya.

Shangazi yangu alikuwa katibu wa upatu wa wauza dagaa hapa hapa Kirumba. Aliandika kila kitu: nani kapokea, nani kafiwa, nani kapigwa na mumewe hadi kikundi kikaenda kumtoa usiku. Alipofariki, tulipomaliza matanga, nyumba ikasafishwa na madaftari akapewa mwuza karanga. Mtaa mzima tukala karanga kwenye mwandiko wa shangazi. Nami nilikula, mpaka siku nilipofungua kikaratasi nikakuta jina la mama yangu. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze namna ya kujihifadhia karatasi zetu wenyewe.

Sasa niwapeleke mbali. Mwaka 1974, huko New York, wanawake kadhaa, akiwemo Joan Nestle na Deborah Edel, walianzisha Lesbian Herstory Archives, hifadhi ya kumbukumbu za wanawake wanaopenda wanawake. Naona mnaguna. Guneni, ila sikilizeni. Walijua kwamba mmoja wao akifa, ndugu watafungua sanduku, watakuta barua, wataona aibu, watawasha kiberiti. Karatasi za kwanza kuungua ni za yule ambaye ukoo unamwonea aibu. Na kwetu anaonewa aibu nani? Mjane aliyekataa kurithiwa. Binti aliyetoroka ndoa. Mama aliyempeleka mumewe baraza la kata.

Hifadhi ile ilianzia stoo ya jikoni, kwenye nyumba aliyoishi Nestle. Hawakutaka kuikabidhi kwa chuo kikuu. Mnajua wenyewe chumba kikishapata ufunguo wa ofisi, mwenye historia yake huambiwa alete barua ya utambulisho. Mwaka 1993 wakahamia Brooklyn, nyumba yao wenyewe, kwa michango ya watu. Kati ya waliotoa vitu vyao yupo Mabel Hampton, mwanamke mweusi aliyezaliwa 1902, aliyecheza dansi Harlem ujanani, kisha akafanya kazi za ndani kwa watu. Nani angemfuata mfanyakazi wa ndani kumwomba nyaraka? Wao walimfuata, na sauti yake wakairekodi.

Tena vitabu vyao hupangwa kwa jina la kwanza la mwandishi, kwani la ukoo ni la baba au la mume. Nililipenda sana hilo, kisha nikakwama. Nusu yenu nawajua kwa majina ya watoto: Mama Neema, Mama Kulwa. Wengine ni Ng'wana fulani, yaani mtoto wa fulani, jina la baba tena! Jalada la Mama Kulwa tuliandikeje? Nashauri jina alilopewa yeye litangulie, la mtaani lifuate chini yake, la sivyo wajukuu watamtafuta wasimpate.

Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, hapo Kisesa, ukienda utaona ngoma na vitu vya watemi. Vizuri. Daftari la upatu sijaliona. TAMWA, chama cha waandishi wa habari wanawake kilichoanzishwa 1987, jarida lao waliliita Sauti ya Siti, kwa heshima ya mwimbaji wa taarabu, Siti binti Saad. Mwenye toleo la zamani chini ya godoro asilitupe.

Mambo ya mikono haya. Toeni pini, zinashika kutu na kula karatasi. Sanduku lisikae sakafuni, mchwa hawana adabu, na unyevu wa ziwa mnaujua. Kanga nayo ni waraka: andikeni ilivaliwa lini, na maneno yale alikuwa anaambiwa nani. Hapo ndipo utamu ulipo!

Na anayetoa barua yake ndiye aamue nani aisome na lini. Akisema isifunguliwe mpaka afe, haifunguliwi, hata mwenyekiti akinuna. Bila hivyo hakuna atakayeleta kitu cha maana, mtaletewa picha za harusi tu.

Yule mama aliyekuja na kanda ya kaseti kwenye mfuko wa rambo, tafadhali abaki. Redio ya kaseti nimeazima, ila betri sina.