Kusafisha picha za harusi kwa darktable: kutoka memori kadi hadi kwa mteja

Habari zenu wapiga picha, karibuni. Leo tunasafisha picha za RAW, yaani mafaili ghafi ya kamera, kwa darktable, programu ya bure inayofanya kazi ambayo wengine wanailipia kila mwezi. Nimechagua picha za harusi kwa sababu ndizo zinazowalipia wengi wenu kodi ya chumba, na kwa sababu ukumbini ndiko mwanga unakotutesa.

Kwanza habari mbili za haraka. Januari 2025 Adobe waliacha kuwauzia wateja wapya kile kifurushi cha GB 20 cha dola 9.99 kwa mwezi, kilichokuwa na programu zao za picha, Lightroom na Photoshop, pamoja. Anayetaka zote mbili sasa anaelekezwa kwenye kifurushi cha TB 1, dola 19.99. Halafu Oktoba mwaka huohuo Canva, ambao ndio wenye Affinity, programu nyingine ya picha, waliifanya kuwa ya bure, sharti tu uwe na akaunti yao. Affinity ni nzuri kwa kuunganisha picha na kutengeneza mabango, lakini ukirudi na mamia ya mafaili ya RAW kutoka ukumbini, darktable ndiyo ya kushika. Haidai akaunti, ukishaisakinisha haikuli bando, na toleo jipya hutoka mara mbili kwa mwaka, karibu na Juni na karibu na Krismasi. Na ile Lightroom ya kukraki uliyopewa kwenye flashi, itoe tu. Hujui imekuja na nani.

Sasa tuambizane ukweli: darktable inatisha. Ukiifungua mara ya kwanza unakutana na moduli lukuki, kila moja na vitelezi vyake, na wapo walioifuta siku hiyohiyo. Dawa yake ni kuacha nyingi zilivyo. Leo tunagusa chache tu, na tunazigusa kwa mpangilio: mwanga kwanza, rangi baadaye, mengine mwisho. Ukigeuza mpangilio huo utajikuta unarekebisha ulichokwisha kurekebisha.

Nenda darktable.org, pakua, sakinisha. Ipo ya Windows, ya Mac na ya Linux. Ya simu hakuna, kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia, mkimbie. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 itajikokota, GB 8 inatosha kufanya kazi kwa raha.

Ukishaifungua, bofya alama ya gia juu kulia, ingia kwenye processing. Hapo kuna mambo mawili. Pale palipoandikwa auto-apply pixel workflow defaults, chagua ile yenye neno sigmoid. Kisha tafuta darktable resources. Kama laptop yako ni dhaifu weka small, vinginevyo iache ilivyo. Funga dirisha, zima programu, iwashe tena.

Haya, kadi. Usisafishe picha zikiwa ndani ya memori kadi. Zihamishie kwanza kwenye folda ya kazi hiyo, ipe tarehe na jina la mteja, ndipo uje kwenye sehemu ya import kushoto, uchague add to library. Elewa kinachotokea hapo: darktable haikopi picha, inaandika tu kwamba picha ziko wapi. Ukiihamisha folda baadaye kwa mlango wa nyuma, yaani nje ya darktable, itakuonyesha fuvu la kichwa mahali pa picha. Usipaniki, ni kwamba imepotezana nazo tu.

Upo kwenye lighttable, meza ya kuchagulia. Weka mshale juu ya picha, bonyeza 1 hadi 5 kuipa nyota, bonyeza R kuikataa. Hapa nenda mbio. Macho yamefumba, R. Shangazi kapita mbele ya kamera, R. Picha kumi za keki zinazofanana, bakisha mbili. Ukimaliza, juu ya skrini chuja zionekane za nyota 3 kwenda juu. Na tahadhari: upande wa kulia kuna remove na kuna delete. Remove inaitoa picha kwenye orodha tu, faili linabaki. Delete inalifuta faili lenyewe. Soma kitufe kabla hujakibofya.

Chagua picha moja, bonyeza D. Sasa upo darkroom, chumba cha kusafishia.

Nimechukua hii ya bibi harusi akiwa amesimama na shela yake, nyuma kuna pazia jeupe. Ona uso wake ulivyo gizani. Kamera haikuharibika. Kipima mwanga chake kinachukulia kwamba unachopiga ni cha wastani, kijivu hivi, si cheupe wala cheusi. Ukikielekeza kwenye gauni jeupe na pazia jeupe, kinaona mwanga umezidi, kinapunguza. Gauni linakuwa la kijivu na mtu mweusi anapotea kabisa. Tatizo hili mnalijua wote, na ndiyo sababu tunapiga RAW: faili la biti 14 lina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, JPEG ina 256. Uso upo mle ndani, tunakwenda kuutoa.

Kulia, kwenye kisanduku cha kutafutia, andika exposure. Ndiyo njia rahisi ya kutopotea: usihangaike na vikundi vya moduli, andika jina. Utakuta kitelezi tayari kipo kwenye 0.7, programu yenyewe imekiweka. Buruta kulia huku ukitazama uso peke yake. Moja, moja na robo, moja na nusu... hapo. Kila EV moja, ndicho kipimo cha kitelezi hiki, unayoongeza ni mwanga mara mbili. Ukitaka namba kamili, bofya kitelezi kwa kitufe cha kulia cha mausi, andika namba, Enter. Ukitaka kukirudisha kilipokuwa, bofya jina lake mara mbili.

Najua mliotoka Lightroom mmeshaanza kuhangaika: "Gauni linaungua hilo!" Liache. Hapa ndipo watu wanapokosea wakija na mazoea ya kule, wanarudisha mwanga nyuma kuokoa gauni, uso unazama tena. Ndani ya darktable mwanga unaopita kiwango cha cheupe haukatwi hapo kwenye exposure. Unabebwa hadi kwenye moduli ya sigmoid, na hiyo ndiyo inayoukunja taratibu uingie kwenye kiwango cha skrini. Kwa hiyo exposure ni ya uso, sigmoid ni ya gauni. Iandike sasa hivi kwenye kisanduku, sigmoid. Contrast ipo 1.5. Ishushe kidogo, 1.3 hivi, utaona nakshi za shela zinarudi. Kama hazirudi kabisa, kamera ilishaunguza pale pale ukumbini, na hakuna programu itakayobuni nakshi ambazo hazikupigwa.

Tukiwa bado kwenye mwanga, ipo moduli moja ninayoipenda kuliko zote, tone equalizer. Iwashe, nenda kwenye masking, bofya vile vijialama vya fimbo ya kichawi vilivyo kando ya vitelezi viwili vya compensation, cha juu kisha cha chini. Sasa rudisha mshale kwenye picha yenyewe, uweke juu ya suti ya bwana harusi, uzungushe gurudumu la mausi kwenda juu. Unaona? Suti nyeusi inafunguka, kola inatengana na koti, uso haujaguswa. Ukienda kwenye pazia ukazungusha chini, pazia linatulia. Hakuna kuchora, hakuna kukata. Usizidishe tu, maana ukilazimisha sana picha inakuwa bapa.

Sasa rangi. Hapa tutakaa kidogo.

Moduli inaitwa color calibration. Ile nyingine inayoitwa white balance msiiguse. Inafanya kazi yake kimyakimya, na ukiichezea programu itakupa onyo jekundu kwamba umesahihisha mara mbili. Ndani ya color calibration kuna kijialama cha bomba la kunyonyea rangi. Kibofye, kisha chora kiboksi juu ya kitu ambacho unajua si chekundu wala buluu wala kijani, cha kijivu au cheupe.

Wengi hukimbilia shati jeupe. Fikiri kwanza limefuliwaje. Sabuni nyingi za unga zina kemikali za kung'arisha zinazopokea miale ya urujuanimno na kuirudisha kama mwanga wa buluu, na shati likishatiwa bluu juu yake ndiyo kabisa. Ukilichukua kama kipimo, programu itaona buluu na kuisahihisha kwa njano, na uso wa mtu utaonekana kama ana homa ya manjano. Ukuta wa kijivu ni bora, jiwe la saruji ni bora, na bora kuliko vyote ni kadi ya kijivu uliyompa mtu ashike kwenye picha ya kwanza. Kama huna, tumia shati, kisha rekebisha kwa jicho: kwenye illuminant weka custom, sogeza hue na chroma kidogo kidogo hadi ngozi ikae. Kipimo changu cha mwisho ni ngozi. Mteja hatokuuliza kama ukuta ni wa rangi yake, atakuuliza mbona mama yake amekuwa wa kijani.

Chumbani anakopambwa, mambo ni mengine. Dirisha kushoto linaleta mwanga wa buluu, balbu kulia ni ya njano, na bibi harusi yupo katikati. Usahihishaji mmoja hautoshi. Fungua alama za maski chini ya moduli, chagua ya kuchora, weka duara upande wa dirisha, ulainishe kingo zake, halafu uchukue kipimo cha rangi hapohapo dirishani. Kisha juu ya moduli bofya kijialama cha mistatili miwili, chagua new instance. Hiyo ya pili ipe raster mask, uchague maski ya ile ya kwanza, uipindue kwa kitufe cha invert, uchukue kipimo upande wa balbu. Kila nusu sasa ina daktari wake.

Taa za zambarau za DJ je? Zile hatushindani nazo. Taa ya LED yenye rangi moja au mbili haikutoa rangi nyingine, kwa hiyo kwenye ngozi hakuna cha kurudisha. Watu wanaburuta vitelezi nusu saa na wanaishia na uso wa kijivu. Fungua presets za moduli hiyohiyo, chagua mojawapo ya nyeusi na nyeupe, umpe mteja picha nzuri ya nyeusi na nyeupe ya ile dansi. Hakuna aliyewahi kuikataa.

Yaliyobaki ni ya haraka. Lens correction, iwashe tu. Inasoma jina la lenzi kwenye faili na kunyoosha mistari ya kuta. Crop, kata unavyotaka. Denoise (profiled), ya kuondoa chenga, nayo iwashe tu, ina vipimo vya chenga vya kamera nyingi kwa kila ISO. Hii iache iwe ya mwisho kabisa, maana ndiyo inayoichosha laptop.

Picha moja imekamilika. Bonyeza L urudi lighttable. Ichague, Ctrl+C. Sasa chagua zote zilizopigwa chini ya mwanga uleule, Ctrl+V. Nasisitiza uleule: za kanisani na za kanisani, za ukumbini na za ukumbini. Ukitaka kubandika baadhi tu ya moduli, ukaacha crop kwa mfano, tumia Ctrl+Shift+C, uweke tiki kwenye unazotaka.

Mwisho ni kutoa picha za mteja. Kulia, export. Format JPEG, quality 95, profile sRGB. Za kuchapa albamu ziache kwa ukubwa wake kamili. Za mtandaoni weka pikseli 2048 upande mrefu. Bofya export, utazikuta kwenye folda ya darktable_exported ndani ya folda ya kazi. Ukimtumia mteja kwa WhatsApp, zitume kama dokumenti, siyo kama picha, la sivyo zitabanwa na kazi yote hii itaonekana ya simu.

Wakati zinatoka, chomeka diski ya nje. Ukifungua folda ya kazi utaona kando ya DSC_0412.NEF (NEF ni RAW ya Nikon) kuna kijifaili DSC_0412.NEF.xmp. Humo ndimo mlimo kila ulichofanya leo. RAW yenyewe haijaguswa hata kidogo. Nakili vyote viwili. Ukibadilisha laptop kesho, ukaingiza folda hiyo kwenye darktable mpya, nyota, mwanga na rangi vinarudi vilevile. Ukichukua NEF peke yake, unaanza upya. Kwenye maoni niandikieni aina ya kamera yako na ukumbi uliokutesa, hasa wenye zile taa za kijani za juu, nichague faili la kusafisha kwenye video ijayo.