Rifaa al-Tahtawi: Imamu Aliyerudi na Katiba

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nianze na taabu ambayo kila mfasiri aliyeketi humu anaijua: jambo umelielewa, unaliona mbele yako, lakini neno la kulisema huna.

Mwaka 1826 mtawala wa Misri, Muhammad Ali, alipeleka vijana zaidi ya 40 Paris wakasome. Rifaa al-Tahtawi, mwanachuoni wa Azhar, chuo kikongwe cha Kiislamu cha Cairo, aliyezaliwa Tahta, Misri ya Juu, mwaka 1801, hakupelekwa kama mwanafunzi. Alikuwa imamu wa kuwasalisha. Mwalimu wake, Shekhe Hassan al-Attar, ndiye aliyempendekeza, akamhimiza aandike atakayoyaona. Basi akaandika kila kitu. Pale Marseille, walipowekwa karantini, anaeleza walivyoletewa viti kwa kuwa wenyeji hawaketi chini, na mezani kila mtu na sahani yake, kisu chake na uma wake.

Imamu huyo akajifunza Kifaransa mpaka akaanza kufasiri. Akaichukua katiba ya Ufaransa ya 1814, akaifasiri kifungu kwa kifungu. Jina lake, Charte, akaliandika kwa herufi za Kiarabu kama lilivyosikika. Lakini liberté je? Akasema kwamba kile Wafaransa wanachokiita uhuru ndicho sisi tunachokiita uadilifu na insafu, yaani kutenda haki bila upendeleo.

Nawaomba tutue hapo kidogo. Uhuru, uadilifu, insafu: Waswahili tunayo yote matatu, na mizizi yake ni ya Kiarabu. Kwetu, kama kwa Waarabu, zamani aliyepewa uhuru alikuwa mtumwa aliyeachwa na bwana wake. Kulitwaa neno hilo la mtu mmoja na kulivika nchi nzima, mimi naliona kuwa tendo la kisiasa kuliko hotuba nyingi. Na mwaka 1830, akiwa bado Paris, aliwaona Wafaransa wakimwangusha mfalme wao kwa sababu ya katiba ileile.

Alirudi 1831. Miaka michache baadaye akaongoza Shule ya Lugha ya Cairo, iliyolea kizazi kizima cha wafasiri. Kisha akaja Abbas, mtawala mpya wa Misri, na mwaka 1850 Rifaa akapelekwa Khartoum kusimamia shule ya msingi. Kwa jina ilikuwa kazi. Kwa hakika ilikuwa kufukuzwa. Wenzake kadhaa walifia huko. Naye, katika joto lile na msiba ule, alifasiri nini? Télémaque ya Fénelon, askofu na mwandishi wa Kifaransa, kitabu kinachowaonya wafalme wasidhulumu. Alirejea Cairo 1854, Abbas alipokwisha kufa. Tafsiri hiyo ilichapwa Beirut 1867. Mwaka uliofuata akatoa historia ya Misri iliyoanzia enzi za Mafarao, zama ambazo wengi waliziona ni za makafiri tu. Yeye akazihesabu kuwa urithi wake.

Alifariki 1873, mara tu baada ya kuandika kitabu kinachotaka wasichana wasomeshwe kama wavulana. Tena hili hakuliacha vitabuni. Tangu 1839 alikuwa amemwandikia mkewe, binti wa mjomba wake, ahadi kwa mkono wake: maadamu wanaishi kwa wema, hataongeza mke wala kuchukua suria, na akivunja, mkewe ameshaachika kwa talaka tatu.