Plastiki ya muhogo: ijaribu jikoni kwako

Karibuni tena jikoni. Leo tunatoa plastiki kwenye muhogo. Tunachohitaji ni wanga, na nawaona mnaanza kucheka: wanga wa muhogo jamani, siyo wale wa usiku.

Menya mihogo mitamu miwili, ioshe, ikwaruze. Tia maji, fikicha kwa mkono, kisha kamua kwa kitambaa safi kama unavyokamua tui. Acha yatuame saa mbili au tatu. Maji ya juu yamwage taratibu, mbali na mbuzi na kuku, maana muhogo mbichi una sumu. Huku chini, ngoja nisogeze kamera: umeuona huo uzito mweupe? Ukiubonyeza kwa nguvu unakuwa mgumu, ukiinamisha bakuli unatiririka. Ndio wenyewe. Uanike ukauke.

Sasa sufuriani: wanga kijiko kimoja cha chakula, maji baridi vijiko vinne, siki nyeupe kijiko cha chai, na gliserini kijiko cha chai, ile ya kupaka ngozi inayouzwa duka la dawa. Koroga mabonge yaishe kabla hujawasha jiko.

Moto mdogo, na mwiko usisimame. Joto likifika nyuzi 60 hadi 70 hivi, chembe za wanga zinavimba na kupasuka. Ule weupe wa maziwa unapotea, unabaki na kitu kama gundi, kizito, kinachopitisha mwanga. Wanga ni minyororo mirefu ya glukosi, mingine ina matawi. Siki inasaidia kuyakatakata, na gliserini inakaa katikati ya minyororo ili iteleze isikakamae. Mara ya kwanza niliibania gliserini. Nilichopata kilipasukapasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi.

Ipua, tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta kidogo, iwe nyembamba kuliko chapati. Mapovu yatoboe kwa sindano. Weka kivulini siku mbili. Juani kingo zinawahi kukauka na yote inajikunja.

Bandua polepole, hivi. Inakunjika, haivunjiki, harufu ya siki ipo kwa mbali. Lakini msiende nayo sokoni kubebea samaki: kipande hiki kimelala kwenye glasi ya maji na kimelegea kama ngozi ya maziwa. Mimi nafungia mbegu kavu za mchicha. Kingine nimekifukia kwenye kopo la udongo, video ijayo tunakifukua.