Koni ya Tano Hugongwa Kwenye ya Pili

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kuamka alfajiri siku ya Jumamosi, tena kwenye baridi hii ya Marekani.

Waliokulia Nairobi, mkisikia autokrosi mnakumbuka vumbi la Jamhuri Park. Ya huku ni nyingine: lami ya maegesho makubwa, koni za rangi ya chungwa, na gari moja moja linashindana na saa. Ukiangusha koni, au ukiisukuma ikatoka kabisa kwenye kisanduku kilichochorwa chini yake, unaongezewa sekunde 2. Ukiruka geti, yaani koni mbili unazotakiwa kupita katikati yake, zamu hiyo imekufa. Na kwa kuwa muda unasomwa hadi elfu moja ya sekunde, hizo sekunde 2 ni msiba.

Siku yangu ya kwanza niliangusha koni 4 katika zamu moja. Sekunde 8! Nikayalaumu matairi. Nikanunua mapya ya bei mbaya (mke wangu yuko hapa, tusiendelee na hilo). Mwezi uliofuata nikaangusha 4 tena, safari hii kwa matairi mazuri. Mzee mmoja aliyekuwa zamu ya kuokota koni akanifuata, akaniambia taratibu: "Ile ya tano umeigonga ulipokuwa kwenye ya pili." Nikadhani jua limemwingia.

Lakini si ndivyo tulivyofundishwa nyumbani? Usiangalie ulipoangukia, angalia ulipojikwaa. Chukueni slalomu, zile koni za mstari mmoja unazozipita kwa kupinda kulia, kushoto, kulia. Kwenye ya pili umechelewa kugeuza usukani, kidogo tu. Ya tatu unaifikia ukiwa umechelewa zaidi. Ya nne unauvuta usukani kwa hasira. Ya tano huna tena pa kupita. Sasa ukirudi kwenye foleni ukaapa kwamba zamu ijayo utaichunga hiyo ya tano, utaikodolea macho, na gari huenda yanakoenda macho. Utaigonga vizuri zaidi.

Kingine kinachowadanganya wengi ni pua ya gari kukataa kugeuka. Umeingia kwenye kona kwa kasi, unazungusha usukani, gari linanyooka tu. Mkono unakuambia zungusha zaidi. Usiusikilize. Mshiko wa tairi ni kama sinia moja la pilau: breki ikila sana, usukani unaambulia ukoko. Pale tairi limeshashiba; legeza usukani kidogo, punguza mafuta, uzito urudi mbele, pua itashika. Na ukishaokoka usijipongeze kwa ustadi. Jiulize breki uliikanyaga wapi. Mara nyingi ulitakiwa kuikanyaga mita kadhaa nyuma, gari likiwa bado limenyooka.

Tatizo ni kwamba nafasi ya kujirekebisha ni finyu. Kwa siku unaweza kupata zamu nne au tano, kila moja dakika moja hivi. Unaendesha dakika tano, unakaa uwanjani kwa muda wa saa nane! Kwa hiyo shule yenyewe iko nje ya gari. Mkipangiwa kuokota koni, msisimame mnachati. Tazameni taa za breki za wenzenu. Mwenye kasi zinamwakia mapema, kisha zinazimika. Mgeni zinamwakia katikati ya kona. Mimi nimejifunza mengi nimeshika koni kuliko nimeshika usukani.

Halafu kuna daftari. Ukishuka tu, kabla hujaenda kuangalia muda wako ubaoni, andika mahali na kitendo: "geti la tatu, niliachia breki ghafla." Usiandike "lami ilikuwa baridi." Daftari langu la mwaka wa kwanza limejaa lami baridi, upepo, na mtu aliyenipigia kelele mstarini. Kurasa nzima, na sikupunguza hata sekunde moja.

Rekodini na video kama mnaweza, ila simu ifungwe imara. Juzi nimeiona moja ikiruka kama panzi.

Basi, maneno yametosha. Nje nimepanga koni tano, mstari mmoja. Funguo za magari ziacheni hapa mezani, zote, hata wewe mwenye Miata nyekundu. Tutaanza kwa miguu, na tutasimama kwenye ya pili.