Ufa wa chumba cha mama

AIKA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tulipanga mambo ya kuangalia kabla hujaongeza chumba kwenye nyumba. Eli kaandika hoja sita, karatasi hii hapa. Ila Eli, Jumanne nimeingia chumba cha mama nikakuta ufa, pale ukuta mpya ulipokutana na wa zamani. Kidole kinaingia.

ELI: Umeanzia wapi?

AIKA: Kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya dirisha, mpaka sakafuni. Na kile chumba nimemaliza mwaka jana, mama ateremke kutoka mlimani, baridi isimtese.

ELI: Pole sana, dada. Fundi aliunganishaje?

AIKA: Alitoboa ukuta wa zamani, akachomeka nondo, akaendelea kupanga tofali.

ELI: Ndipo hapo. Nyumba yenu ina miaka 20, udongo chini yake umeshatulia. Msingi mpya bado unashuka. Ukizifunga kuta mbili hizo pamoja, upande mmoja ukishuka lazima ukuta upasuke. Ungeacha upenyo mwembamba, kila ukuta usimame kwa msingi wake. Hiyo ndiyo hoja ya kwanza.

AIKA: Na huku kwetu chini udongo ni ule mweusi. Masika unavimba, kiangazi unapasuka nyufa.

ELI: Mparachichi uko umbali gani?

AIKA: Tusiuguse mparachichi.

ELI: Umbali gani?

AIKA: Hatua nne kutoka dirishani.

ELI: Basi ukate. Mti mkubwa hivyo unanyonya maji chini ya msingi, udongo unanywea, msingi unazama.

AIKA: Siukati. Mama aliupanda mwaka niliozaliwa, wasikilizaji wote wanaujua. Halafu kwenye udongo ule, ukikata mti mkubwa, maji uliyokuwa ukiyanyonya yanabaki ardhini. Udongo unavimba, unasukuma msingi juu. Utaniletea ufa wa pili.

ELI: Utavimba, kisha utatulia. Mizizi haitulii.

AIKA: Nitapunguza matawi. Majani machache, maji machache.

ELI: Yataota tena. Kila mwaka utaita mtu na ngazi?

AIKA: Kila mwaka. Wewe yale maparachichi ya juzi uliyakula na makande, hukuuliza mizizi imefika wapi.

ELI: Niliyala, matamu kweli. Lakini mama analala pembeni ya ukuta uliopasuka, Aika.

AIKA: Tangu Jumanne analala chumbani kwangu. Na kila asubuhi anakwenda kukaa chini ya mti wake.

ELI: ...Tumebakiwa na dakika mbili. Kibali cha halmashauri, paa, shimo la choo, vyote sijavigusa.

AIKA: Kibali omba kabla hujachimba, hata kama ni chumba kimoja. Na jua shimo la choo liko wapi, usije ukalijengea juu. Mengine tuyaache.

ELI: Weka alama ya penseli kwenye ncha za ufa, andika tarehe. Jumamosi nakuja na futi tupime kama unaendelea.

AIKA: Njoo. Panga liache nyumbani.

ELI: Bado nasema ukate.