Gwanda au Kanzu: Kuchagua Kazi katika Vyombo vya Sheria vya Serikali ya Shirikisho ya Marekani

Waheshimiwa wazazi, viongozi wa jumuiya yetu, na ninyi vijana mliojaza viti vya nyuma kana kwamba huku mbele kunavuja: nawashukuru kwa kunialika hapa Columbus, Ohio, jioni hii. Nimeombwa nizungumzie swali ambalo vijana wengi wa Waswahili waliokulia Marekani wameniuliza, nalo ni hili: mtu akitaka kuingia katika vyombo vya sheria vya serikali ya shirikisho, avae sare, au aende moja kwa moja kwenye upelelezi? Nimekaa pande zote mbili. Nilisimama miaka sita katika kibanda cha ukaguzi kwenye kiwanja cha ndege nikiwa na gwanda la buluu, kisha nikahamia kwenye upelelezi wa udanganyifu wa fedha, na huko ndiko nilikostaafia.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Cheo ambacho Wamarekani hukiita ajenti maalumu hakina jina zuri kwetu. Tukisema wakala, msikilizaji anamfikiria yule wa M-Pesa. Tukisema jasusi, tunamtwisha mtu kazi isiyo yake. Nitawaita wapelelezi, au, kama wazee wetu walivyozoea kusema, askari kanzu. Katika mpangilio wa kazi za serikali ya shirikisho wapelelezi wa jinai wamepewa namba 1811, na ninawashauri mtafute namba hiyo kwenye tangazo la kazi badala ya kuamini jina, kwa maana majina hudanganya. Mtu wa Border Patrol anaitwa ajenti, lakini anavaa sare ya kijani na kushika doria mpakani, na namba yake ni 1896. Ofisa wa forodha na mipaka, kazi niliyoanzia mimi, ni 1895. Askari polisi wa shirikisho ni 0083. Tena yupo mkaguzi wa Shirika la Posta, ambaye ukisikia cheo chake unaweza kudhani anahesabu stempu, kumbe ni mpelelezi kamili mwenye bastola na pingu.

Baba yangu, Mungu amrehemu, kila alipopiga simu kutoka Tanga alikuwa na swali moja kabla hata hajauliza habari za watoto: "Bado wanakuvalisha gwanda?" Kwake yeye, gwanda lilikuwa la kijana ambaye shule ilimshinda, na suti ilikuwa ya aliyesoma. Sikumlaumu, kwa sababu na mimi niliamini hivyo hivyo. Miaka yangu miwili ya mwanzo nilisimama kibandani kama abiria anayesubiri basi, nikipiga mihuri na kuangalia saa, nikiamini kwamba kazi yenyewe bado haijaanza. Nayaeleza haya kwa sababu nadhani hapo ndipo vijana wengi wanapokosea: wanadhani wanachagua kati ya ngazi ya chini na ngazi ya juu, ilhali kazi hizi mbili zimesimama sambamba, na kinachozitenga ni wakati ambao kila moja hukutana na uhalifu.

Niwape mfano. Jioni ya tarehe 14 Desemba 1999, feri iliyotoka Victoria, Kanada, ilitia nanga Port Angeles, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Washington. Gari la mwisho kushuka liliendeshwa na mtu mwenye pasipoti ya Kanada yenye jina la Benni Noris. Mkaguzi wa forodha Diana Dean alimuuliza maswali ya kawaida kabisa, unakwenda wapi, unakwenda kufanya nini, na dereva akawa anahangaika na kutokwa jasho. Hakukuwa na taarifa yoyote ya kijasusi iliyomtangulia mtu yule. Kulikuwa na mama mmoja mwenye sare, karatasi ya forodha, na dereva ambaye majibu yake hayakukaa sawa. Walipofungua buti na kuinua kifuniko cha mahali pa tairi la akiba, wakakuta mifuko ya unga mweupe, wakadhani ni dawa za kulevya. Mtu yule akatimua mbio. Walimkamata mitaa michache kutoka pale. Unga ulikuwa wa kutengenezea mabomu, jina lake halisi lilikuwa Ahmed Ressam, na alikokuwa akielekea ni uwanja wa ndege wa Los Angeles.

Baada ya pale wakaingia wapelelezi. Kazi yao ilikuwa kufuatilia pasipoti ya kughushi ilitoka wapi, nani alimpokea, nani alimpa fedha na nani alimfundisha, kisha kuyapanga yote hayo katika jalada ambalo mwendesha mashtaka angeweza kulisimamisha mbele ya jaji. Hukumu ya mwisho ya Ressam, miaka 37 gerezani, ilitolewa mwaka 2012. Mkaguzi alikuwa na dakika chache za kuamua. Jalada lilidumu miaka karibu 13. Kijana anayetaka kuchagua na ajiulize ni saa ipi kati ya hizo mbili inayomvutia, ile ambayo jambo halijapata jina, au ile ambayo jina limekwisha kujulikana na sasa unatafutwa ushahidi wa kulithibitisha.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tuna mfano ulio karibu zaidi na mioyo yetu. Tarehe 7 Agosti 1998, lori lililobeba bomu lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, na walinzi wa lango, Wakenya wasio na silaha na ambao hawakuwa hata maofisa wa serikali ya Marekani, walikataa kufungua kizuizi. Walirushiwa guruneti, wakashikilia msimamo wao. Lori halikuingia ndani, ingawa lililipuka palepale nje na kuua watu 213, na Dar es Salaam siku hiyohiyo wakafa 11. Ndipo FBI, idara kuu ya upelelezi ya serikali ya shirikisho, ikapeleka mamia ya wapelelezi na mafundi wake katika miji hiyo miwili. Mmoja wa washambuliaji alikamatwa Nairobi akiwa na majeraha ya mlipuko aliokuja kuufanya. Mwingine, Mtanzania, alipatikana Cape Town mwaka uliofuata. Na mwaka 2001 mahakama ya New York iliwatia hatiani watu wanne na kuwafunga maisha. Nimewahi kusikia watu wakiwasifu wapelelezi wale katika mikutano mingi, na wanastahili sifa, lakini ni mara chache sana nimemsikia mtu akimtaja mlinzi wa lango.

Sasa tuje kwenye maisha ya kila siku, kwa sababu mtu haoi harusi, anaoa nyumba. Mwenye sare huishi kwa zamu. Zamu ikiisha, mwenzako anaingia lindoni, unavua mkanda na kazi inabaki pale pale ulipoiacha. Zamu zina taabu yake: Idi utaifanyia kazini, Krismasi vivyo hivyo, na mgeni kazini hupewa zile saa ambazo wenyeji wamezikataa. Hata hivyo saa za ziada zina hesabu inayoeleweka. Kwa maofisa wa forodha na mipaka, kwa mfano, saa ya ziada hulipwa mara mbili ya saa ya kawaida, hadi kiwango cha juu kilichowekwa kwa mwaka.

Mpelelezi yeye hana zamu, ana jalada, nalo halijui Jumapili. Tangu mwaka 1994 sheria inawapa wapelelezi wa kundi la 1811 nyongeza ya asilimia 25 ya mshahara, na kwa malipo hayo serikali inakuwa imenunua wastani wa saa mbili zaidi kila siku ya kazi pamoja na haki ya kukuita usiku wa manane. Jalada langu la kwanza kubwa halikuwa na mbio wala bastola. Lilikuwa na maboksi 31 ya taarifa za benki, yaliyopangwa ukutani katika chumba kisicho na dirisha, na nilikaa nayo miezi 14 nikifuatilia hundi moja moja kutoka akaunti hadi akaunti, nikiandika pembeni kwa kalamu nyekundu kila tarakimu iliyojirudia. Siku niliyoona kwamba kampuni tatu zilizodai hazijuani zililipa bili ya umeme ya nyumba moja, nilipiga kelele peke yangu mle chumbani. Ikiwa unasikia habari hiyo na moyo wako unaruka, wewe ni mpelelezi. Ikiwa umekwisha kupiga miayo, sare itakufaa zaidi, wala hakuna aibu yoyote. Hata Al Capone, ambaye mnamjua kwa mabunduki, alifungwa mwaka 1931 kwa kutolipa kodi, na waliomfikisha huko walikuwa watu wa hesabu.

Jambo lingine ni kuhamishwa. Mwenye sare mara nyingi huajiriwa kwa kituo fulani anachokijua. Mpelelezi hutia saini kwamba atakwenda popote atakapopelekwa. FBI ina ofisi zake kubwa zaidi ya 50, nawe ukiwa bado mafunzoni Quantico, kwenye chuo chake, unaambiwa uendako. Mke au mume wako na ahusishwe kabla hujatia saini.

Naomba sasa tukae zaidi kwenye umri, kwa sababu hapa ndipo nilipoona vijana wazuri wakikwama. Kwa kazi nyingi za upelelezi wa shirikisho ni lazima uajiriwe kabla hujatimiza miaka 37. Sababu yake ni pensheni: kazi hizi zina utaratibu maalumu wa kustaafu ukiwa na umri wa miaka 50 na utumishi wa miaka 20, au umri wowote ukiwa na miaka 25 ya utumishi, na kustaafu kwa lazima huja ukifika miaka 57 ikiwa umetimiza ile 20. Toa 20 kwenye 57, unapata 37. Ndiyo hesabu yote.

Lakini si kila sare iko ndani ya utaratibu huo. Kitengo chenye sare cha Secret Service, idara inayomlinda rais, kimo, maofisa wa forodha na mipaka wamo tangu Julai 2008, lakini askari polisi wengi wa kundi la 0083, wakiwamo wanaolinda hospitali za maveterani, hawamo. Tofauti hiyo haionekani begani. Kijana mmoja niliyemfahamu aliingia katika kikosi cha namna hiyo akiwa na miaka 27, akasema atapata uzoefu kwanza, kisha atahamia upelelezi. Alipoamka alikuwa na miaka 38. Kama miaka yake ingekuwa ndani ya utaratibu maalumu, sheria ingeruhusu ihesabiwe ili kikomo cha umri kisogezwe mbele kwa ajili yake. Kwa kuwa haikuwamo, mlango ulikwisha kufungwa, na hakuna aliyemwambia. Kwa hiyo kabla ya kupokea kazi yoyote ya sare, muulize mwajiri kwa maandishi kama nafasi ile imo katika pensheni ya watumishi wa vyombo vya sheria. Jibu lake ni ndiyo au hapana.

Na kwa mwenye kusema ataanza na sare kisha apande: hakuna kupanda. Kutoka sare kwenda upelelezi ni kuomba kazi upya kama mtu wa barabarani, mara nyingi katika idara nyingine kabisa. Mwenye cheti cha sekondari anaweza kuingia katika kitengo chenye sare cha Secret Service, ilhali FBI inataka shahada ya chuo kikuu na, kwa kawaida, miaka miwili ya kazi, nayo haipokei aliye chini ya miaka 23. Sare inakusaidia kwa kitu kimoja ambacho shahada haina: unajifunza kuzungumza na mtu anayekuogopa. Wapelelezi wengi waliotoka chuoni moja kwa moja hujifunza hilo wakiwa wamekwisha kuharibu mahojiano kadhaa.

Mwisho kuna upekuzi, yaani kuchunguzwa maisha yako ya nyuma, unaowahusu wote wa gwanda na wa kanzu, na unaowahusu watu wetu kwa namna yake. Uraia wa Marekani ni sharti, na grini kadi haitoshi. Mkenya, tangu Katiba ya mwaka 2010, anaweza kushika nyaraka mbili, lakini Mtanzania akiapa anaaga uraia wake wa kuzaliwa, na hilo ni la kuamua pamoja na wazee. Kisha utajaza fomu ndefu iitwayo SF-86. Itakuuliza kila ulipoishi katika miaka kumi iliyopita, itakuuliza juu ya ndugu zako wasio raia wa Marekani, juu ya kiwanja ulichonunua Kigamboni, na kama umewahi kumsaidia kwa fedha mtu asiye raia wa nchi hii. Kila mmoja wetu hutuma fedha nyumbani. Hilo si kosa, na maofisa wa upekuzi wanaokutana na familia za wahamiaji wanalielewa. Kosa ni kuliacha tupu ukidhani unajilinda, kisha mashine ya kupima uongo ikaulize upya. Niliwahi kumsaidia binti mmoja kuorodhesha jamaa, akakwama kwenye neno kaka, kwa sababu aliokuwa akiwaita kaka walikuwa 11 na waliozaliwa na mama yake walikuwa wawili. Tulikaa jioni nzima kuwagawa katika visanduku vya fomu.

Na bangi, kwa kuwa naona baadhi yenu mmeangalia chini: Ohio iliihalalisha kwa kura ya Novemba 2023, lakini mwajiri wenu ni serikali ya shirikisho, na FBI inataka uwe hujaigusa kwa mwaka mzima kabla ya kuomba.

Nakala za fomu nimezileta, zipo pale mezani karibu na chai. Chukueni mkaijaribu nyumbani kwa penseli, mkiwa na mama zenu karibu, maana tarehe za kuhama nyumba wanazikumbuka wao. Sasa niko tayari kwa maswali, nianze na kijana wa nyuma mwenye kofia, ambaye mkono wake umekuwa juu tangu nilipotaja pensheni.