Mikwaruzo midogo ya rangi ya gari: unapunguza nini unapoifuta?

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Tuanze na ukucha. Upitishe juu ya mkwaruzo kwa kuukatisha, usiufuate. Ukiteleza, tuna kazi ya kufanya. Ukinasa, mpelekee gari fundi wa rangi. Kisha mwagia maji: mkwaruzo ukipotea palipolowa na kurudi pakikauka, umeishia kwenye klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi. Ukiona weupe au kijivu cha praima, yaani tabaka lililo chini ya rangi, polishi haina dawa yake.

Klia ya kiwandani ina unene wa maikroni 40 hivi. Unywele kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Tunapofuta mkwaruzo hatujazi kitu. Tunapunguza klia iliyouzunguka mpaka kingo zake zilainike, na klia iliyoondoka hairudi.

Sasa vumbi letu. Watu hulaumu miiba ya migunga, lakini ile mikwaruzo ya utando wa buibui inayoonekana juani huletwa na tambara kavu la asubuhi. Vumbi la Dodoma lina chembe za mchanga ngumu kuliko klia. Ukilifuta kavu umepiga msasa. Limwagie maji kwanza kuanzia juu, kisha ndoo mbili: moja ya shampuu ya gari, nyingine ya kusuuzia sponji. Kausha mapema, maji yetu ya kisima yakikaukia juani huacha madoa ya chumvi.

Fanya kazi kivulini, bodi ikiwa imepoa. Gusa boneti kwa mgongo wa kiganja. Ikiwa ya moto, subiri, kwa sababu kompaundi, yaani krimu ya kusugulia klia, itakauka kabla haijafanya kazi. Bandika tepu ya karatasi kwenye plastiki na kwenye kona za milango, maana pembeni klia ni nyembamba na huko ndiko mashine ya kupigia polishi huunguza.

Weka kwenye sponji ya mashine matone manne ya kompaundi laini, kila tone kama punje ya mahindi, kwa eneo la sentimita 40 kwa 40. Tandaza kwa mwendo mdogo, halafu panda hadi mizunguko 1,200 kwa dakika, ukienda kulia na kushoto, kisha juu na chini. Mashine isisimame sehemu moja. Futa kwa kitambaa cha maikrofaiba, umulike kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Baada ya awamu tatu, kilichobaki kiache. Ukungu ukibaki, maliza kwa polishi laini, kisha nta.

Najua swali la dawa ya meno linakuja. Inasugua, ndiyo, ila chembe zake hazikupimwa kwa rangi ya gari. Mafuta ya taa na dizeli hung'arisha kwa kuficha tu, halafu hushika vumbi.

Na sponji ikidondoka chini, usiikung'ute ukaendelea. Ifue, au chukua nyingine.